Shingo ya Twiga

Siku hiyo mjinga alikuwa Ochola. Tuliseme mapema, kwa sababu yeye mwenyewe alikuja kulikubali mbele ya watu, na hakuna haja ya msomaji kumtafuta mjinga ni nani wakati amesimama pale mlangoni, tepu ya kupimia ikining'inia shingoni.

Ochola ni fundi wa sare za shule. Kibanda chake kiko ghorofa ya pili ya jengo moja karibu na River Road, chumba chenye cherehani tatu na dirisha linalotazama dirisha jingine. Ameshona sare miaka kumi na miwili, na kama mafundi wengi wa sare mjini, ana mtindo wake. Mzazi akiingia na mtoto, swali la kwanza ni, "Ana miaka mingapi?" Akiambiwa mitano, anakata ya miaka saba. Mikono ya sweta inameza vidole, sketi inafagia vifundo vya miguu, na mtoto anatoka pale kama ambaye nguo zake zimekuja na mtu mwingine ndani. Mzazi akilalamika, jibu ni lile lile: "Atakulia humo ndani."

Na kweli, hukulia. Katika miaka hiyo yote Ochola hajawahi kurudishiwa sketi kwa kosa la ukubwa. Ndiyo maana mtu akimwambia kwamba kitu fulani bado ni kikubwa kwa mtoto, masikio yake yanakataa kufanya kazi.

Sasa, Ochola ana binti, Amondi, aliyetimiza miaka mitano Aprili. Amondi anaishi Kangemi na mama yake, Namalwa, ambaye ni karani wa mapokezi katika kliniki moja ya meno kule Parklands. Wazazi hawa waliachana miaka miwili iliyopita, kwa kelele ambazo majirani wa ploti walimokuwa wamepanga bado wanazisimulia wakianika nguo. Kilichobaki kati yao ni mtoto na karatasi. Karatasi yenyewe iliandikwa kwa mkono mbele ya mke wa pasta, na ina vifungu vinne. Cha kwanza kinampa Ochola mtoto kila Jumamosi, saa tatu asubuhi hadi saa kumi na moja jioni. Cha mwisho kinasema hivi: mtoto akirudishwa na shida iliyoletwa na baba, Jumamosi zinasimama.

Wiki ina siku saba. Ochola alikuwa anaishi moja tu, zile nyingine alikuwa anashona.

Mambo yaliharibika Jumamosi moja ya Julai. Amondi alikuwa ameketi juu ya meza ya kukatia vitambaa, anakula mandazi, miguu inacheza hewani, patipati zake za waridi zimeanguka chini.

"Baba, Anko Kiragu amechora twiga kwa mlango."

Mguu wa Ochola ulisimama juu ya cherehani. Kiragu alikuwa yule bwana wa gari dogo jeupe ambaye Namalwa alikuwa anaenda naye kanisani. "Mlango gani?"

"Wa nyumba. Kwa penseli. Nikifika shingo ya twiga, tunaenda Tabasamu kupanda Pweza."

Tabasamu ni uwanja wa bembea uliofunguliwa upande wa magharibi mwa mji, ukishapita Westlands. Watoto wa Nairobi mwaka huo walikuwa hawaongei kitu kingine. Una gari-moshi la wachanga, una mabwawa ya mipira, na una Pweza: mashine yenye mikono minane, kila mkono na kiti chake, inayozunguka huku ikipanda na kushuka. Pale kwenye foleni kuna ubao wa twiga. Mtoto ambaye kichwa chake kinafika alama nyekundu ya shingoni anapanda Pweza. Asiyefika anarudi kwa mipira.

"Bado kiasi gani?" Ochola akauliza.

Amondi akaweka vidole viwili vyenye mafuta ya mandazi juu ya kichwa chake. "Hivi. Anko Kiragu amesema labda Krismasi."

Wavinya, fundi mwenzake, mwanamke wa miaka hamsini na kitu anayeshona kwa cherehani ya dirishani, alimwona Ochola anavyopumua. "Baba Amondi," akasema, "shona."

Hakushona. Alitoka kwenye korido akampigia Namalwa, naye, kwa kuwa alikuwa na wagonjwa mbele yake, alikata. Jioni yake Ochola akauliza habari za twiga, wakaanza kutumiana sauti kwa simu, naye alizisikiliza za Namalwa kwa spika, kibanda kizima kikisikia.

"Baba Amondi, nakujua. Ushaanza kupanga. Usimpeleke mtoto Tabasamu. Hata ngazi za umeme pale Westlands anazikataa, anakaa chini anashika miguu yangu. Tumesema akifika shingo. Hakuna haraka."

Ochola akaikaribia simu kama anataka kuiuma. "Tumesema ni nani? Kwenye karatasi kuna majina mawili, la tatu sijaliona. Na huyo msanii wako wa milango amwambie mwenye nyumba anachora nini kwa mbao za watu. Mimi nikiwa na miaka mitano nilikuwa nachunga ng'ombe. Mtoto wangu atashindwa kuketi kwa kiti afungwe mshipi?"

Jibu lilirudi kabla hajaweka simu chini. "Inaonekana ng'ombe hao ndio walikulea. Soma kifungu cha mwisho tena, polepole, weka kidole chini ya kila neno. Akirudi analia, Jumamosi zako umeziaga."

"Huyo mama," Wavinya akasema bila kuinua macho, "amekuambia kitu, umekisikiliza kwa sauti ya juu, na bado hakijaingia."

"Krismasi, Wavinya! Yaani nisubiri mpaka Krismasi, halafu mtu mwingine ndiye amshike mkono mara ya kwanza? Halafu mimi niende naye mara ya pili, aniambie, 'Baba, hapa nilishakuja'?"

Hata Wavinya aliona hilo linauma. Kama Ochola angeliishia kwenye kuumwa, hadithi hii isingekuwepo.

Ijumaa, baada ya wateja kwisha, Ochola alichukua mabaki ya kitambaa cha makoti ya blezaa, kile kizito cha buluu, akayakata kwa umbo la nyayo za mtoto. Matabaka sita kila mguu. Akayashona pamoja kwa zigizaga, akapiga pasi, akayaingiza ndani ya viatu vyeusi vya shule alivyokuwa amemnunulia Amondi na ambavyo hukaa pale kibandani. Ilikuwa kazi safi. Uzi ulifanana na kitambaa.

Wavinya alikichukua kiatu kimoja, akatia mkono ndani, akautoa. "Ochola. Viatu havina pindo."

"Atakulia humo ndani."

"Umeshakijaza kitambaa. Atakulia wapi?"

"Wewe shona mifuko yako."

"Nashona. Na hiyo Jumamosi yako naiona ikiteremka ngazi."

Kesho yake Amondi alikuja na patipati zake za waridi. Ochola akamvua, akamvalisha soksi na vile viatu, akafunga kamba mara mbili. Mtoto akasimama akiyumba kidogo, kama aliyepanda juu ya matofali.

"Baba, vinauma huku." Akagusa juu ya mguu.

"Vipya ndivyo vilivyo. Leo unaenda wapi?"

"Kwa mipira?"

"Kwa Pweza!"

Amondi hakuruka. Ochola alikuwa ameupanga ule mruko tangu Jumamosi iliyopita, hata alikuwa ameshika simu tayari, na mtoto alimtazama tu. "Lakini sijafika shingo."

"Leo umefika."

Tabasamu kulikuwa na watu, muziki, na harufu ya bisi. Pweza alikuwa amesimama katikati, rangi ya zambarau, jicho lake moja limebambuka. Kwenye ubao wa twiga kulikuwa na msichana wa fulana ya manjano. Alimsimamisha Amondi, akalaza kiganja juu ya nywele zake.

"Ana miaka mingapi?"

"Sita," Ochola akasema.

"Mitano," Amondi akasema, na yote mawili yakatoka pamoja.

Msichana akawatazama kwa zamu. "Anyway, sisi tunaangalia kimo." Kiganja chake kilikuwa sawasawa na alama nyekundu, hakikuzidi hata unywele. "Sawa, anaingia. Mzee, wewe unabaki hapa nje. Watu wazima hawapandi."

Hilo Ochola hakuwa amelijua. Kwenye mipango yake yote alikuwa ameketi kando ya mtoto.

"Baba, sitaki," Amondi akasema.

Alisema kwa sauti ya kawaida, si ya kulia. Alisema vile mtu husema hataki chai.

"Utafurahia."

"Baba, sitaki. Tuende kwa mipira."

"Amondi, watu wako nyuma yetu. Ingia, Baba nakupiga picha. Mara moja tu." Na mkono wake, ule mkono wenye upole wa kupitisha uzi kwenye sindano, ukamsukuma mgongoni.

Mzunguko wa kwanza ulikuwa wa polepole. Ochola alisimama kwenye uzio, simu juu, anachukua video, na tuseme ukweli, hakuwa anamchukulia mtoto. Alikuwa anamchukulia Namalwa, na nyuma ya Namalwa, mtu fulani na penseli yake. Mzunguko wa pili mikono ikaanza kupanda. Wa tatu, Pweza akatupa mikono yake juu, na kiatu cha kulia cha Amondi, ambamo kisigino cha mtoto kilikuwa hakijawahi kuingia vizuri kwa sababu ya matabaka sita ya blezaa, kikachomoka.

Kiliruka juu ya uzio wa ndani kikaangukia meza ya mwendesha mashine, hasa kwenye kikombe cha chai, na chai yote ikamwagikia swichi. Mwendeshaji akaruka. Akagonga kitufe chekundu. Pweza akasimama ghafla, mikono mingine chini, mingine katikati, na mmoja juu kabisa. Huo wa juu kabisa ndio uliokuwa na Amondi.

Kuishusha mikono ile kwa mkono, mmoja mmoja, kunachukua muda. Walianza na ya chini. Amondi alikaa kule juu dakika saba, na hakuita "Baba" hata mara moja. Alimwita mama yake, mfululizo, kwa sauti iliyofunika muziki, na simu ya Ochola, ambayo alikuwa amesahau kuizima, ikachukua yote.

Mwendeshaji naye alikuwa amekiokota kile kiatu. Akatia vidole, akavuta. Kikatoka kipande cha buluu, kinene kama kitabu cha shule, kikidondosha chai. "Mzee! Hii ni nini? Keki?"

Foleni nzima ikageuka. Mama mmoja mwenye mapacha akapiga makofi mara moja tu, ya kushangaa. "Amemshonea mtoto urefu!"

"Wewe ungeua mtoto kwa mashine yangu, halafu mimi ndiye nifungwe!" mwendeshaji akafoka. "Toka hapa! Ukimaliza kumshusha, utoke!"

Wakamshusha. Gauni lake lilikuwa limelowa, na viti vya Pweza havina maji. Ochola alinyoosha mikono. Amondi alipita kando yake kwa mguu mmoja wenye kiatu na mwingine wa soksi, akaenda kwa mwendeshaji, akachukua kile kipande cha buluu. Hakukiachilia njia nzima mpaka mjini.

Kibandani, Wavinya alimwosha kwa maji ya moto ya chupa ya chai. Nguo ya kubadilisha haikuwepo. Kwenye rafu kulikuwa na sare tu, oda za watu. Ochola akashusha sketi ya kijani na shati.

"Hiyo ni ya shule ya wenyewe," Wavinya akasema. "Tena ni ya miaka saba."

"Ni ya kufikisha saa kumi na moja tu."

"Mwambie mama yake mwenyewe. Usingoje aanze kuuliza."

"Nitasema juisi ilimwagika."

Wavinya akamfunga mtoto sketi kwa pini mbili kiunoni. "Haya. Sema juisi."

Saa kumi na moja kasoro dakika tano walikuwa kwenye geti la kliniki, Parklands. Askari wa geti alikuwa anakunywa soda. Gari dogo jeupe lilikuwa limeegeshwa kando ya ukuta, Kiragu ndani, dirisha wazi. Namalwa alitoka akiwa bado na kitambulisho shingoni, akasimama hatua tatu mbali, akamtazama mtoto kuanzia kola hadi patipati.

"Leo ni Jumamosi," akasema. "Huyu ametoka shule gani?"

"Juisi ilimwagika," Ochola akasema.

"Juisi. Ikamwagika mpaka chupi? Maana naona hata soksi hana."

"Mama Amondi, usianze. Mtoto ni mzima, amekula, hajakosa kitu."

"Macho yake yamevimba."

"Vumbi."

"Vumbi ya wapi, Ochola? River Road ghorofa ya pili?"

Sketi ya kijani ilikuwa na mfuko, mkubwa, wa miaka saba. Amondi akaingiza mkono mpaka kwenye kiwiko, akatoa kile kipande cha blezaa, bado kibichi, akampa mama yake.

"Hii ilikuwa kwa kiatu," akasema. "Ndiyo nikafika shingo."

Namalwa alikigeuza. Akahesabu matabaka kwa ukucha, moja hadi sita. Alipofika sita, uso wake ulikuwa umebadilika.

"Ulimpandisha Pweza."

"Alipita kwenye twiga! Kuna msichana pale, muulize!"

"Hiki ndicho kilipita!" Akamrushia kile kipande kifuani. Kilimgonga, kikaanguka, kikaacha alama ya maji juu ya shati. "Umempima mtoto kama sweta! Umeongeza kitambaa ukasema amefika! Alisema anataka?"

Namalwa akamgeukia mtoto.

"Amondi, ulimwambia Baba unataka?"

"Nilisema sitaki. Mara mbili."

Mlango wa gari ulifunguka. Kiragu alitoka, mikono mbele, kama anayeingia kwa nyumba yenye mbwa. "Ochola, niaje. Labda tungeongea..."

"Wewe rudi kwa gari yako! Ni wewe ulianza haya, na penseli yako! Nani alikuambia uchore kwa mlango wangu?"

"Mlango wako?" Namalwa akacheka, kicheko kikavu. "Kodi ya mlango huo unajua ni ya nani? Kiragu anampima mtoto kila mwezi, na kila mwezi anamwambia bado, na mtoto anangoja. Wewe siku moja tu imekushinda kungoja."

"Yeye anangoja kwa sababu si wake!" Ochola alikuwa anapiga kelele sasa, na askari akaweka soda chini. "Mimi nina siku moja! Moja! Yeye ana sita, anaweza kungoja mpaka mwaka uishe! Ya kwanza ingekuwa yake, na mimi ni nani? Mimi ni wa mandazi?"

"Alikuwa anayapenda hayo mandazi," Namalwa akasema. "Wiki nzima anayaongelea. Kupanda Pweza hajawahi kukuomba."

Hilo lilimfika mahali. Alijifuta shati pale palipolowa.

"Sawa," akasema. "Sawa. Leo mimi ndiye mjinga. Nimesema, askari amesikia, na bwana wa penseli amesikia. Umefurahi? Lakini basi niambie na wewe uliye na akili. Mitano si sawa. Sita? Saba? Miaka mingapi ndiyo ya kumpeleka mtoto kwa bembea?"

"Yake ama yako?"

Kiragu akapata kitu cha kutazama kwenye tairi lake. Namalwa alifungua mkoba, akatoa karatasi, ile ya vifungu vinne, imekunjwa mpaka mikunjo imeanza kukatika. Ochola alinyoosha mkono bila kujua alitaka kushika nini.

"Sitairarua," Namalwa akasema. "Nikiirarua utaimba kila mahali kwamba niliirarua. Leo wewe ulimwamulia. Jumamosi ijayo ataamua yeye. Muulize."

"Mtoto wa miaka mitano ndiye ataamua?"

"Si ulisema amekuwa mkubwa?"

Ochola alichuchumaa pale kwenye changarawe, ule mchuchumao wake wa kupima pindo za watoto, uso wake ukiwa chini kidogo ya wa binti yake. Alikuwa amewapima maelfu akiwa hivyo, na hakuna aliyewahi kumtazama namna hii.

"Amondi wangu. Jumamosi utakuja kwa Baba?"

Amondi aliivuta sketi juu, kwa maana pini moja ilikuwa imeachia. Akamtazama baba yake, akamtazama mama yake, kisha akatazama miguu yake mwenyewe, akivichezesha vidole vilivyokuwa wazi.

"Nitakuja," akasema. "Lakini nitavaa patipati."